Saa za mwisho ICU: mbinu za kumuuguza mgonjwa ambaye hatapona

Umefundishwa kuokoa. Unajua kunyonya makohozi, kusoma monita, kupanga drip na kubonyeza kifua. Lakini ICU ina wagonjwa ambao pamoja na hayo yote watafariki kwenye zamu yako. Saa zao za mwisho zina kazi yake, na wengi wetu chuoni tuliipitia juujuu.

Kazi hiyo ikifanywa vibaya, kila mtu anaumia. Mgonjwa anabaki na maumivu. Ndugu wanashinda kwenye benchi la korido hawajui kinachoendelea. Wewe nawe unarudi nyumbani moyo ukiwa mzito.

Mbinu hizi ni zako wewe unayepanda daladala Sakina, hapa Arusha, alfajiri, uwe unaelekea Ngaramtoni kwenye Hospitali ya Selian, au unashuka mjini kwenda ALMC au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Nyingi hazihitaji kifaa kipya. Zinahitaji muuguzi anayejua aanze na nini. Na muuguzi huyo ndiye anayekaa na mgonjwa saa zote, wakati wengine wanakuja na kuondoka.

Jua mpango mapema

Uliza kwenye raundi. Swali ni fupi: "Daktari, kwa mgonjwa huyu leo tunalenga nini?" Je, tunapigania apone, au tunamtunza aondoke bila mateso? Jibu likiwa la pili, kila kitu unachofanya kitandani kinabadilika.

Hakikisha jibu limeandikwa kwenye faili. Kama timu imekubaliana kwamba moyo ukisimama hatabonyezwa kifua, iwepo sahihi ya daktari na tarehe, na iandikwe kwamba familia imeelezwa. Maneno ya korido hayatakusaidia saa tisa usiku, moyo umesimama na daktari mwenyewe yuko nyumbani.

Huo si uamuzi wako peke yako, na usikubali kubebeshwa. Lakini sauti yako inatakiwa. Wewe ndiye unayeona mgonjwa anavyokunja uso kila akigeuzwa. Sema ulichokiona: "Daktari, tangu jana mkojo umekauka, presha haishiki hata na dawa, na mkewe ameniuliza mara mbili kama atapona. Naomba tukae na familia leo."

Kwenye kukabidhiana zamu, ongeza mambo matatu juu ya ripoti ya kawaida: mpango ni upi, ndugu wameambiwa nini, na wameomba nini. Zamu mbili zikitoa majibu mawili tofauti, familia haitakuamini tena.

Piga simu kabla giza halijaingia. Mgonjwa wako wa Arusha mara nyingi ana ndugu Longido, Monduli au Loliondo. Wa Longido wana safari ya barabara ya Namanga hadi wapite hapa Sakina, na usiku usafiri ni wa shida. Wa Loliondo wanahitaji siku nzima. Ukiona dalili saa kumi jioni, piga saa kumi jioni. Simu ya alfajiri huwaleta watu wakati wa kuchukua mwili.

Zitambue dalili

Jifunze kuziona ili usishtuke na uweze kuwaandaa wengine. Miguu na mikono inapoa. Magoti na nyayo vinatoka madoa ya zambarau. Mkojo unapungua. Mgonjwa anayepumua mwenyewe anaenda mbio, kisha polepole, kisha anakaa kimya sekunde nyingi kabla ya pumzi nyingine. Kooni kunakoroma kwa mate anayoshindwa kumeza.

Waeleze ndugu dalili hizi kabla hazijatokea. Ule mkoromo unawatisha kuliko kitu kingine chochote, wanadhani anakabwa. Sema: "Hiyo sauti ni mate kooni. Yeye hayasikii kama wewe unavyoyasikia. Tutamlaza kwa ubavu, itapungua."

Maumivu kwanza

Mgonjwa mwenye mrija kooni hawezi kukwambia anaumwa. Kimya chake kisikudanganye. Tumia kipimo.

Kipo kimoja rahisi kilichochapishwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 2001, na kinafaa kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Unaangalia vitu vitatu. Uso: umetulia au umekunjamana? Mikono: imelegea au imejikunja? Mashine: anaifuata au anashindana nayo? Kila kimoja kinapewa alama 1 hadi 4, kwa hiyo jumla ni 3 hadi 12. Ikizidi 5, mgonjwa anaumwa. Chukua hatua.

Pima kabla ya kumgeuza, wakati wa kumgeuza na baada ya kumpa dawa. Andika namba kwenye chati. Daktari akipigiwa simu na kuambiwa "anasumbuka" anaweza kujibu kwamba atakuja. Akiambiwa "ana alama 9 kati ya 12, na nusu saa iliyopita alikuwa na 6," anatoa maagizo palepale.

Usiogope mofini. Ikitolewa kwa kipimo sahihi na kuongezwa hatua kwa hatua, inaondoa maumivu na inapunguza ile hali ya kuhema kwa taabu. Haitolewi ili kumwahisha mtu. Uganda wameitumia ya maji, ya kunywa, tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Wewe mwombe daktari aandike dozi ya saa maalumu, na pembeni dozi ya nyongeza kwa maumivu yanayochomoza katikati. Kwa maagizo hayo mawili hutamwamsha mtu usiku kuomba ruhusa.

Mofini inafunga choo. Kila anayepewa zaidi ya siku moja au mbili aandikiwe na dawa ya kulainisha choo. Ni jambo dogo linalosahaulika, na tumbo lililojaa linamtesa mtu asiyeweza kusema.

Mpe dawa kwanza, subiri ianze kufanya kazi, ndipo umgeuze au umsafishe kidonda. Wengi wetu tunafanya kinyume kwa sababu ya haraka.

Pumzi, mdomo, ngozi

Anayehema kwa taabu mwinue kichwa cha kitanda. Elekeza feni ndogo usoni, kwenye mashavu na puani. Hakuna feni? Mpe ndugu kipande cha boksi ampepee taratibu. Upepo usoni unapunguza hisia ya kukosa hewa, na ndugu anapata kazi ya kufanya.

Saksheni itumie kwa kiasi. Kunyonya mara kwa mara hadi ndani kunaumiza na kunaongeza ute. Mlaze kwa ubavu, futa yanayotoka mdomoni, na muulize daktari kuhusu dawa ya kukausha mate mapema, kabla hayajajaa.

Safisha mdomo kila baada ya saa mbili. Chukua gozi safi, izungushe kwenye spatula, ichovye maji safi, ikamue, kisha pitisha kwenye fizi, ulimi na ndani ya mashavu. Paka midomo mafuta kidogo. Usiache matone ya maji yateremke kooni. Mdomo mkavu ndiyo kiu halisi ya mgonjwa huyu, hata kama drip inatembea.

Macho yasiyofumba vizuri yafute kwa maji safi kutoka puani kwenda nje, na uyawekee dawa ya kulainisha kama ipo. Mgeuze taratibu, kwa ajili ya faraja yake. Nywele zichanwe. Shuka iwe kavu. Mtoto wake akiingia amkute baba yake akiwa nadhifu.

Punguza kelele na vipimo

Pitia orodha ya maagizo pamoja na daktari. Damu ya kila asubuhi inasaidia nini sasa? Sukari ya kuchoma kidole kila saa nne? Presha ya kila dakika kumi na tano? Kisichobadilisha chochote kiombewe kusitishwa. Kila sindano unayoiondoa ni maumivu umeyaondoa.

Omba ruhusa ya kupunguza milio ya monita kitandani kwake. Ndugu wakiwa na skrini yenye namba wataangalia namba badala ya kumwangalia mtu wao. Igeuze iangalie upande wako.

Vuta pazia. Kama hakuna pazia, weka skrini ya kukunja au hata shuka juu ya stendi mbili za drip. Taa kali izime, iache ile ya kutosha wewe kufanya kazi.

Mwite kwa jina lake, au kwa jina analoitwa nyumbani. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa: "Baba, shikamoo. Ni mimi muuguzi wako wa usiku. Nakugeuza upande wa dirishani." Usidhani hasikii. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi waliokuwa wamepoteza fahamu saa chache kabla ya kifo, na baadhi yao ubongo uliitikia sauti kama wa watu wazima wenye afya. Kwa hiyo kitandani usizungumzie bili, mochwari wala mipango yako ya wikiendi.

Kaa na ndugu, usisimame

Tafuta pa kukaa. Ofisi ya in-charge, chumba cha dawa, hata benchi mwisho wa korido pasipopita watu. Kaa wewe pia. Dakika tano za kukaa zinawatuliza kuliko dakika ishirini ukiwa mlangoni umeshika kitasa.

Salimia kwa adabu ya hapa. Mzee apewe shikamoo yake kabla ya habari yoyote. Familia ya Kimaasai ikiongozwa na mzee, msalimie "Supai." Mama wa Kimaasai umsalimie "Takwenya." Kama Kiswahili chao ni kidogo, tafuta mtumishi anayejua Kimaasai atafsiri. Usimtumie mtoto wa mgonjwa kumtafsiria mama yake kwamba baba anakufa.

Jua nani anasemea familia. Anaweza kuwa kaka mkubwa wa mgonjwa, si mke aliyelala kwenye benchi siku tatu. Waite wote wawili. Mwenye sauti aelezwe, na aliyemuuguza naye aelezwe.

Anza kwa kuwauliza wanachojua: "Mpaka sasa mmeelezwa nini kuhusu Mama?" Jibu lao linakuonyesha pa kuanzia. Kisha toa tahadhari, halafu ukweli, kwa sentensi fupi: "Habari niliyonayo si nzuri. Mama amezidiwa. Daktari ameona mashine na dawa haziwezi tena kumrudisha. Tunadhani anaweza kufariki leo au kesho."

Halafu nyamaza. Acha walie. Usijaze kimya hicho kwa maelezo ya figo na presha. Baada ya muda uliza: "Mngependa kuniuliza nini?"

Sema "kufariki." Ukisema "hali imebadilika" au "tunamwachia Mungu," nusu ya familia itaelewa kwamba anapata nafuu. Kumwachia Mungu ni kwao kusema, nawe ukiitikia si vibaya, ila baada ya kuusema ukweli.

Kuna swali la pesa, na huwa linaulizwa kwa sauti ya chini. Kijana anakufuata hadi kwenye sinki unapoosha mikono: "Sista, tuuze ng'ombe wengine tuendelee?" Usijibu ndiyo, usijibu hapana. Sema: "Kaka, hilo ni swali zito na ni haki yako kuuliza. Nakuitia daktari sasa hivi akwambie wazi kama kuendelea kutamponya." Kisha mwite kweli. Familia inayouza ng'ombe au kiwanja lazima ijue inanunua nini. Mpeleke pia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla bili haijawa ugomvi.

Watataka kumlisha. Mama mkwe atakuja na chupa ya uji na kukwambia mgonjwa anakufa kwa njaa. Usimfokee. Mwambie: "Mama, mwili wake hauwezi tena kusaga chakula, na uji ukipita njia ya hewa utamkaba. Lakini midomo yake inakauka. Chukua hii gozi, mlowanishie hivi." Mwonyeshe. Umemkatalia uji, lakini hujamnyima nafasi ya kumhudumia mkwewe.

Legeza saa za kuona wagonjwa. Zungumza na in-charge mgonjwa huyu awe na ndugu mmoja kitandani muda wote, wakipokezana. Wape barakoa na maji ya kunawa. Watoto waruhusiwe kama wazazi wao wanataka, wakielezwa kwanza watakachokiona: mpira mdomoni, mashine, baba asiyeitika.

Waulize jambo moja dogo ambalo mgonjwa angelipenda. Hospitali ya St. Joseph's ya Hamilton, Kanada, ikiwa na daktari Deborah Cook, iliifanya kuwa utaratibu wa ICU na kuandika mwaka 2015 kuhusu wagonjwa 40 wa kwanza: kila mmoja alitafutiwa matakwa yake, na mengi yalikuwa ya gharama ndogo au ya bure. Kwetu inawezekana. Kwaya ya usharika wake kwenye simu, sauti ya chini. Shuka yake ya Kimaasai juu ya shuka la hospitali. Simu kuwekwa sikioni ili mjukuu wa Dar es Salaam aseme kwaheri.

Dini na mila: uliza, usikisie

Uliza siku ya kwanza, mgonjwa akiwa bado anaongea ikiwezekana: "Wewe na familia yako mngependa tumwite nani?" Andika kwenye faili. Bandika karibu na simu ya wodi namba za parokia, za wachungaji na za msikiti ulio jirani.

Mkatoliki: mwite padri mapema kwa Mpako wa Wagonjwa. Wengi hungoja hadi mwisho, na mgonjwa akiwa na fahamu ni heri zaidi kwake. Mlutheri: mchungaji au mwinjilisti wa usharika wake, na Chakula cha Bwana kama anaweza kumeza.

Mwislamu: mpe ndugu nafasi ya kumtamkia shahada taratibu sikioni. Kama hakuna ndugu, mwombe mtumishi mwenzako Mwislamu. Wakitaka alazwe kuelekea Kibla, hapa Arusha ni kaskazini, upande iliko Namanga. Geuza kitanda kama mashine zinaruhusu, au mgeuze mgonjwa mwenyewe.

Familia ikija na maji ya baraka, mafuta au dawa ya asili, uliza inatumikaje. Cha kupakwa kwenye paji la uso hakina shida. Cha kunyweshwa eleza kwa upole kwa nini hapana. Wakitaka kusali kwa sauti, waombe wapunguze kwa ajili ya vitanda vingine. Usiwafukuze.

Wakitaka kumpeleka nyumbani

Familia nyingi zinataka mtu wao afie nyumbani. Wengine wanahesabu pia gharama ya kusafirisha mwili. Lipokee kama ombi halali. Usilichukue kama utoro. Mwite daktari, kisha hakikisha mambo yafuatayo kabla gari halijaondoka.

Piga hesabu ya oksijeni. Mtungi wenye lita 680, ukitumika lita 2 kwa dakika, unaisha baada ya dakika 340, hazifiki saa sita. Safari ya Longido unatosha, usiku mzima hautoshi. Waambie ukweli huo wajue utakapoishia.

Wape dawa ya maumivu, na umwandikie mmoja wao kiasi na saa kwa Kiswahili cha kawaida. Mfundishe kumgeuza, kusafisha mdomo na kumwaga mkojo kwenye mfuko. Mwambie arudie akifanya kwa mikono yake mbele yako.

Waunganishe na timu ya tiba shufaa. Selian ina huduma hiyo tangu mwaka 1999, na kutembelea wagonjwa majumbani ni sehemu ya kazi yake. Kwa mgonjwa wa Sakina, Ngaramtoni ni jirani tu. Piga simu wewe mwenyewe, usiwaache ndugu watafute.

Anapofariki

Kama ndugu wapo, waache karibu. Angalia saa. Mwite daktari athibitishe. Kisha sema kwa sauti tulivu: "Baba amefariki. Poleni sana."

Usikimbilie kuchomoa mipira. Jiulize kwanza: je, kifo hiki ni cha ajali, shambulio au sababu isiyojulikana? Majeruhi wa bodaboda ni wengi ICU. Kama kuna suala la polisi au uchunguzi wa mwili, acha mirija yote ilivyo mpaka daktari aelekeze. Kama hakuna, ondoa vyote, funika tundu za sindano, fumba macho, funga taya, nyoosha viungo.

Mwislamu usimwoshe. Futa damu na uchafu tu, mfunike, uwaachie ndugu wa jinsia yake waoshe kwa utaratibu wao. Harakisha karatasi, kwa sababu wanataka kuzika mapema. Kwa wengine, waulize kama wanapenda kukusaidia kumfuta na kumvalisha. Wapo watakaokubali, na watakushukuru miaka mingi.

Mpe kila ndugu muda wa kuaga kabla mwili haujatoka. Kitanda kinahitajika, ndiyo. Nusu saa inapatikana.

Wape hatua zinazofuata wazi, na umwandikie mmoja wao: mochwari iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, kibali cha kuzika kinatoka dirisha lipi. Waambie kifo kisajiliwe RITA ndani ya siku 30 na karatasi ya hospitali waitunze, kwani bila cheti cha kifo watakwama kwenye mirathi na benki.

Hesabu vitu vya marehemu mbele ya mashahidi wawili: simu, pete, pesa, kitambulisho. Andika, wasaini. Usipige picha. Usiandike chochote kwenye status ya WhatsApp, hata bila jina. Arusha watu wanafahamiana.

Na wewe

Jonathan Bartels, muuguzi wa dharura wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alianzisha desturi ndogo iliyoenea hospitali nyingi: mgonjwa akifariki, timu nzima inasimama kimya kidogo kando ya kitanda kabla ya kutawanyika. Anzisheni kwenu. Mmoja aseme: "Huyu alikuwa baba wa watu, na sisi tulifanya tulichoweza. Tunyamaze kidogo kwa heshima yake." Dakika moja, kisha kazi iendelee.

Baada ya kifo kilichokuwa kigumu, hasa cha mtoto, cha mama mzazi au cha mtumishi mwenzenu, mwombe in-charge mkae robo saa. Maswali matatu yanatosha: nini kilikwenda vizuri, nini kilituuma, na mara nyingine tufanye nini tofauti. Hakuna kumtafuta mchawi.

Jichunguze. Ukiona umeanza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda, unawakwepa ndugu, au usingizi umekukimbia wiki nzima, sema. Mwambie in-charge akubadilishie mgawo kwa muda. Mwambie mwenzako unayemwamini, au kiongozi wako wa dini. Kulia si kosa la kitaaluma. Kunyamaza hadi uchukie kazi ndiyo hasara, yako na ya mgonjwa anayekuja.

Usiwapangie wanafunzi na wauguzi wapya vitanda hivi peke yao. Wachukue, simama nao, waonyeshe namna ya kusafisha mdomo na namna ya kuketi na familia. Kazi hii hujifunzwa kwa kumwona mtu akiifanya vizuri.

Usingoje semina. Ukiingia zamu yako ijayo, mchague mgonjwa mmoja aliye katika hali hii. Uliza mpango wake kwenye raundi, pima maumivu yake kwa namba, safisha mdomo wake, na wapigie ndugu zake simu mapema. Mambo hayo manne yanaingia kwenye zamu yoyote, hata ukiwa na vitanda vitatu. Yafanye leo, na umfundishe mwenzako kesho.